Maua ya Mvua za Kwanza: Kupanda Matunguu Katika Ukoka wa Nyumbani



Kila mwaka, ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, ardhi ya Tabora huwa imechoka. Ukoka umekuwa na rangi ya mkeka wa zamani, vumbi limepanda hadi madirishani, na mtu akipiga jembe hupata mshituko mpaka mabegani. Ndipo, mara nyingine hata kabla mvua haijalowesha ardhi vizuri, kitu chekundu hutoboa udongo bila jani hata moja, na baada ya siku chache hufunguka kuwa mpira wa moto wenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Wengi wetu tumeliona ua hilo porini tangu utoto, tukalipita. Katika somo hili twataka kueleza jinsi ya kulikaribisha nyumbani pamoja na jamaa zake, na kulipanda ndani ya ukoka wenyewe, bila kulitengea tuta wala kulizungushia matofali.

Jina lake la Kiswahili ni nyinyoro. Msomaji wa Biblia atalikumbuka neno hilo kutoka Wimbo Ulio Bora, sura ya 2, katika tafsiri ya Union iliyotoka kamili mwaka 1952. Tulipokuwa vijana tulidhani nyinyoro ni ua la nchi za mbali tusilopata kuliona. Kumbe kamusi za zamani za pwani zaeleza wazi kwamba ni mmea wa tunguu utoao kichwa kikubwa cha maua mekundu, yaani hilohilo tulilokuwa tukilirukia njiani tukienda kuchuma ntalali. Hakika ua la Palestina alilolitaja mtunzi wa Wimbo ule halikuwa hili letu. Lakini wafasiri walihitaji ua zuri litokalo bondeni ambalo msomaji wao anaweza kulifikiria, nao walichagua vema. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Neno hilo la pili maana yake ni lenye maua mengi, na si jina la bure, kwa sababu kichwa kimoja kikubwa chaweza kuwa na vijiua hata 200 vilivyokusanyika pamoja.

Liko jambo jingine la namna hiyo. Bwana wetu alipowaelekeza wasikilizaji wake kwenye maua ya kondeni, katika Mathayo 6:28, neno la Kiyunani lililoandikwa ni krina. Wataalamu wamebishana siku nyingi kama hayo yalikuwa mayungiyungi au maua mengine ya mlimani Galilaya, nasi hatutawaamulia. Ila neno hilo la krina ndilo lililotoa jina la Crinum, kundi la matunguu makubwa yenye maua meupe au yenye mistari ya waridi, yanayoota kwetu kandokando ya mbuga wakati wa mvua. Hayo tutayaita krina tu, maana jina ni fupi na lina heshima yake.

Sasa, tunguu ni nini? Chukua kitunguu cha jikoni, kikate katikati toka juu hadi chini. Utaona magamba yaliyokumbatiana, na kila gamba ni kitako cha jani kilichonenepa kwa kujaa chakula. Chini kuna sahani ndogo ngumu ambako mizizi hutoka, na katikati kabisa kuna kichipukizi. Tunguu la ua ni vivyo hivyo. Ni kihenge. Wakati wa mvua majani hufanya kazi juani na kupeleka chakula chini. Kiangazi majani hufa, na mmea huishi kwa akiba iliyomo kihengeni. Zaidi ya hayo, ua la mwaka ujao huanza kutengenezwa mle ndani likiwa dogo sana, miezi mingi kabla ya kuonekana. Kwa lile ua la tarumbeta jekundu au la rangi ya chungwa ambalo nyumba nyingi za mji huwa nalo barazani, ambalo kwao ni Amerika ya Kusini na jina lake la kitaalamu ni Hippeastrum, wachunguzi wameona kwamba tunguu hutengeneza shina moja la maua kwa karibu kila majani manne. Basi ukikata majani leo umekata maua ya mwakani. Twaomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwa maana somo lote lililobaki linalitegemea.

Huulizwa mara kwa mara juu ya matunguu ya Ulaya. Vijana walioko huko huwaletea wazazi wao mfuko wa tulipu au dafodili wenye picha nzuri, na mzee huyapanda kwa furaha kando ya mlango. Hutoka majani machache dhaifu, kisha basi. Kosa si la mzee wala la udongo. Matunguu yale yameumbwa kwa nchi ya theluji. Tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 hivi za baridi, chini ya nyuzi 9, ndipo shina la ua lililomo ndani lipate kurefuka. Tabora, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai twavaa sweta, lakini baridi ya namna ile haitufikii. Mtu mwenye friji aweza kuyadanganya kwa kuyaweka humo miezi mitatu, mbali na matunda, naye atapata ua mara moja, kisha tunguu litadhoofika na kufa. Pia kuingiza mimea nchini kwahitaji kibali cha afya ya mimea, na mfuko uliofichwa ndani ya sanduku la nguo waweza kuleta ugonjwa shambani kwa jirani. Kwa nini tuhangaike hivyo, na sisi tunayo ya kwetu?

Hata hivyo Waingereza wana somo la kutufundisha. Wao hupanda dafodili ndani ya nyasi za bustani mwezi wa Septemba au Oktoba, nazo huchanua Machi na Aprili, kuelekea Pasaka. Baada ya maua huacha sehemu ile bila kuikata kwa muda wa wiki sita au zaidi, hata kama inaonekana ovyo, mpaka majani yawe yamemaliza kazi. Kwetu masika yao yanageuka. Baridi yao ni kiangazi chetu, na kinachoamsha matunguu yetu ni joto la Oktoba na harufu ya mvua. Muda wetu wa kungoja nao ni mrefu kuliko wao, kwa sababu majani ya nyinyoro hutoka pamoja na ua au nyuma yake, yakaendelea mvua yote mpaka Aprili au Mei.

Nchi yetu hii ilipitiwa na watu wengi waliokuwa na macho ya kuona mimea. James Grant, aliyefuatana na Speke, alikaa hapa Kazeh mwanzoni mwa mwaka 1861, wakati wa mvua, na katika safari ile alikusanya mimea mingi iliyopelekwa Kew, karibu na London. Livingstone alifika Kwihara pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872, akabaki peke yake akingoja wapagazi mpaka mwisho wa Agosti. Misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji ilituachia miembe, na hiyo kila mgeni huonyeshwa. Matunguu hakuna aonyeshwaye, na yalikuwapo kabla ya mwembe wa kwanza. Miembe hiyo nayo inayo kazi katika somo letu, kama tutakavyoona.

Kwanza ni kuchagua mahali. Wasomaji wa umri wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi tulivyokusanyika kwenye redio kwa vikundi na kisha tukatoka kufyeka mazingira ya nyumba kwa ajili ya mbu. Hatusemi mambo yale yatupwe. Uwanja unaozunguka mlango na ufagiliwe kama mama zetu walivyofagia, pawe peupe, ili nyoka aonekane kabla hajakaribia. Ukoka wenye matunguu uwe mbali kidogo, hatua kumi au kumi na tano kutoka mlangoni, mahali ambapo nyasi zikifika magotini mwezi wa Februari hazitamtisha mtu. Kiwanja kidogo cha nne kwa nne chatosha kuanzia.

Pili, kivuli. Nyinyoro hupenda kivuli chepesi, kama cha porini chini ya miyombo. Chini kabisa ya mwembe mkubwa ukoka wenyewe haukubali kuota. Lakini pale kivuli kinapoishia, ukoka unapoanza kuwa mwembamba na unyonge, ndipo mahali pake hasa. Ukoka wa pale haunyang'anyi sana chakula. Krina lataka jua zaidi, nalo halichukii udongo mzito wa mbuga unaotuama maji kwa majuma kadhaa. Nyinyoro katika udongo wa namna hiyo huoza. Mchanga wetu wa kawaida wa Tabora, ambao wakulima huulalamikia, unaifaa vizuri kwa sababu haushiki maji.

Liko pia ua dogo la waridi, lenye majani membamba kama nyasi, ambalo huchanua siku chache tu baada ya mvua kubwa, kisha hunyamaza mpaka mvua nyingine kubwa. Kwao ni Amerika, lakini limezoea nchi yetu kama muhindi ulivyozoea. Kitaalamu laitwa Zephyranthes. Kwa mtu mwenye ukoka mzuri ambaye hataki uonekane msitu, hilo ndilo la kuanza nalo. Majani yake ni mafupi, na ukikata nyasi kwa urefu wa vidole vinne hulidhuru kidogo tu.

Wakati wa kupanda ni kati ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, na kumbukumbu ya Askofu James Hannington, tarehe 29 Oktoba. Twatumia kalenda ya Kanisa kwa sababu ni rahisi kuikumbuka, na Hannington ana haki ya kutajwa katika bustani za Tabora. Mwaka 1882, kabla hajawa askofu, alilala mgonjwa sana katika kituo cha Church Missionary Society pale Uyui, karibu nasi. Alikuwa mtu wa kupenda mimea na wadudu tangu ujana wake. Aliuawa Busoga mwaka 1885. Katika mwezi ule mmoja matunguu yamelala, hayana majani ya kuvunjika, na mvua haiko mbali.

Usichimbe shimo la wazi ndani ya ukoka, maana litabaki kovu la magugu. Chukua panga au jembe lenye makali, kata ukoka pande tatu za mraba wa futi moja, ukiacha upande wa nne umeshikamana. Halafu fungua kama unavyofungua jalada la kitabu. Kama ardhi ni ngumu mno mwaga debe moja la maji ya kufulia jioni, ukafanye kazi asubuhi. Legeza udongo wa chini kwa kina cha shibri moja, changanya na konzi mbili za samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Keti tunguu la nyinyoro au la krina wima, shingo yake ikiwa sawa na uso wa ardhi, au ndani kidogo kwa upana wa kidole. Usiogope kwamba limekaa juu mno. Mengi ya matunguu haya yana mizizi yenye uwezo wa kujikunja na kulivuta tunguu chini, mwaka hadi mwaka, mpaka lifikie kina linachokipenda. Ndiyo maana krina la zamani huhitaji sururu kulitoa. Kisha rudisha jalada la ukoka, ulipasue katikati ili shingo ipate njia, ukanyage kwa mguu bila kiatu. Nafasi kati ya tunguu na tunguu iwe shibri moja na nusu kwa nyinyoro na hatua nzima kwa krina. Usipange mstari. Rusha vijiwe, panda vilipoanguka.

Gladiola ya porini, ile yenye ua la chungwa na njano na majani kama upanga, nayo yafaa, ila yahitaji kushuka vidole vinne au vitano chini. Huwa na kiazi cha duara, si magamba kama kitunguu, na kila mwaka hutengeneza kipya juu ya kile cha zamani, hivyo hupanda juu kidogokidogo mpaka siku moja kiko juani. Inastahili kuinuliwa na kupandwa tena kila miaka mitatu au minne. Ndiyo mmoja wa wazazi wa gladioli kubwa za maduka ya maua ya Ulaya. Walichukua ya Afrika katika karne ya 19, wakaichanganya na nyingine, na leo hutuuzia.

Baada ya kupanda, ngoja. Usimwagilie kila siku, kwani maji bila mvua huozesha. Baadhi hayatachanua mwaka wa kwanza kwa sababu ya kuhamishwa. Yakitoa majani tu shukuru, kihenge kinajazwa.

Hapa ndipo tulipo na neno la kusema juu ya kufyeka.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tulipanda matunguu kama 30 ya nyinyoro katika uwanja wa nyasi mbele ya madarasa. Desemba ile ya kwanza maua yalitoka karibu yote, na wageni walisimama kutazama. Kila Jumamosi wanachuo walikuwa na zamu ya kufyeka, nasi tulijivunia uwanja wetu. Majani yakakatwa Januari, yakachipua tena, yakakatwa Februari. Mwaka wa pili tulihesabu maua 11. Mwaka wa tatu mawili. Tukasema ni wadudu, tukanyunyiza dawa. Tulipochimba tukakuta matunguu yamekuwa kama kitunguu saumu, yamejila yenyewe. Hakuna aliyeyaua ila sisi tuliotoa amri ya zamu, na tulikuwa tukifundisha sayansi ya mimea katika madarasa yaleyale. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni moja: sehemu yenye matunguu haiguswi kwa fyekeo tangu ua la kwanza mpaka majani yamegeuka manjano na kulala yenyewe. Kwa kawaida hayo hutimia karibu na Pentekoste. Lakini Pentekoste huhamahama, mara Mei mara Juni, kwa hiyo mtu atazame jani, asitazame kalenda peke yake.

Ugumu ni kwamba Pasaka iko kabla. Ndipo kila mtaa husafisha kanisa, na kama askofu anakuja kwa kipaimara ndipo hasa mafyekeo hunolewa. Twaelewa. Hakuna anayetaka mgeni apite katika nyasi ndefu. Basi zungusheni sehemu ile kwa vijiti na kamba ya katani, mkate ukingo wake vizuri kwa upana wa hatua moja. Ukingo uliokatwa sawasawa humwonyesha kila mtu kwamba nyasi za katikati zimeachwa kwa makusudi, na si kwa uvivu. Njia hiyo tumeijaribu, na malalamiko yalipungua.

Makaburini ni jambo zito zaidi. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda na kikundi cha mtaa kusafisha makaburi juma moja kabla ya Pasaka, nasi tulishika majembe kama wengine. Siku iliyofuata akaja mama mmoja mzee akauliza ni nani aliyelima upande wa mashariki. Mtoto wake wa kwanza alizikwa pale, akiwa na umri wa miezi michache. Msalaba wa mti ulikwisha kuliwa na mchwa zamani, jiwe hakuwa na uwezo wa kulinunua, na alama aliyokuwa nayo ilikuwa kichaka cha nyinyoro alichopanda kwa mkono wake. Majani yake mapana tuliyaona kuwa gugu. Tukayang'oa, na matunguu tuliyoyapata tukayatupa kwenye lundo tukayachoma pamoja na nyasi. Alituonyesha kwa mkono, labda hapa, labda pale, kisha akanyamaza. Hatukuwa na la kumwambia.

Novemba, mvua ya pili au ya tatu, mtu alileta habari kwamba kuna wekundu kule mashariki. Tunguu la zamani huzaa watoto ubavuni, nao wengine hubaki chini jembe lisipofika. Vilitoka vichwa viwili, vidogo, kimoja kikiwa kimepinda. Yule mama aliletwa akasimama pale muda mrefu, na juma lile vijana wakaweka mawe manne ya kuzunguka na kumimina saruji kidogo. Tangu wakati huo, kabla ya kufyeka makaburini, mtaa wetu hutangaza Jumapili mbili mfululizo, na mwenye alama yake ya mmea huenda kuifunga kitambaa cheupe. Twaomba mitaa mingine ifikirie kufanya hivyo. Wako wengi wasio na jiwe.

Sasa juu ya hatari, na hapa tusome polepole. Nyinyoro, krina na lile ua la tarumbeta yote yana sumu ndani ya tunguu. Mtu akila hutapika sana, na mbuzi akifukua huumwa. Katika sehemu mbalimbali za Afrika utomvu wa nyinyoro ulitumika katika sumu za mishale na za kuvulia samaki. Usiyahifadhi matunguu jikoni, wala karibu na vitunguu vya kula, hata kwa usiku mmoja. Osha mikono baada ya kuyashika, maana utomvu huwasha ngozi ya wengine.

Liko na jingine ambalo twakataza kabisa kupandwa penye watoto. Ni lile ua la kupanda juu ya vichaka kwa ncha za majani yake, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda nyuma kama miali ya moto, Gloriosa. Wazimbabwe wamelifanya ua la taifa lao, nalo ni zuri kweli. Kiazi chake hufanana na kiazi kikuu kidogo au kiazi kitamu, na huko India na Sri Lanka watu wamekufa kwa kukipika wakidhani ni chakula. Sumu yake, iitwayo kolchisini, hutumika hospitalini kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo. Nje ya kipimo hicho huanza kwa kutapika na kuhara, mgonjwa akaonekana kupata nafuu, kisha viungo vya ndani hushindwa siku zifuatazo. Mtoto akionja kiazi chochote cha ua asingojewe aumwe. Apelekwe hospitali saa ileile, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga akione.

Wadudu si wengi. Yuko kiwavi mweusi mwenye mistari ya njano ambaye hula majani ya krina usiku mpaka shingoni. Huyu aokotwe kwa mkono asubuhi mapema na kutiwa katika maji ya sabuni. Fuko ni adui mkubwa zaidi, hula viazi vya gladiola akipita chini. Tumejaribu kuizungushia mizizi waya wa kuku, ikasaidia kwa muda. Kuhusu nungu hatuna dawa ila mbwa.

Limebaki swali la wapi pa kuyapata. Twawasihi msiende na majembe katika misitu ya hifadhi. Nchi yetu imekwisha kupunguziwa pori vya kutosha kwa kuni za kukaushia tumbaku na kwa mashamba mapya. Tunguu huvumilia moto wa kiangazi uliopita juu yake, lakini halivumilii kugeuzwa na plau mwaka baada ya mwaka. Nyanda za Juu Kusini waliona hasara hiyo kwa njia nyingine. Viazi vya maua ya okidi vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na ni sababu mojawapo iliyofanya uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, upewe hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Chukueni kwanza penye kuangamia: kiwanja kinachochimbwa msingi wa nyumba, barabara inayopanuliwa, shamba linaloanza kulimwa, kila mara kwa ruhusa ya mwenye mahali. Hayo ni matunguu yatakayokufa kesho. Pili, mbegu. Nyinyoro hutoa tunda jekundu lenye nyama. Likiiva vizuri toa nyama yote, osha mbegu, uipande mara moja kwenye kopo lenye mchanga na udongo wa majani, karibu na juu. Mbegu iliyokauka haifai. Itachukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuona ua, na wengine watasema ni muda mrefu kwa mtu wa miaka yetu. Mbegu ya krina ni kubwa kama gololi, imejaa maji yake yenyewe, hata huota mezani bila kuzikwa, na watoto wa Shule ya Jumapili hufurahi sana kuiona. Tatu, ombeni kwa jirani. Kichaka kilichokaa miaka mitano au sita husongamana, maua yakapungua, na mwenyewe atashukuru ukimsaidia kukigawa mwezi wa Septemba.

Kwa ajili hiyo, mwenye matunguu ya ziada mwaka huu na ayalete Jumapili yoyote kati ya Mtakatifu Mikaeli na kumbukumbu ya Hannington. Liko debe lenye mchanga mkavu nyuma ya chumba cha vestri, lenye kifuniko na jiwe juu kwa ajili ya watoto. Funga karatasi penye shingo, andika aina na rangi kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika. Asiye na la kuleta achukue mawili.

Gloriosa lisiletwe.